Walipoinama kuandika, nikababaika

SWALI: Mimi ni mhasibu, nina miaka 31. Juzi niliitwa kwenye usaili Mwanza, mbele ya jopo la watu wanne. Mmoja akaniuliza, "Una mtoto mchanga, safari za vijijini utaziweza?" Nilipoanza kujibu, wawili wakainama wanaandika, mwenyekiti akanikazia macho. Nikababaika, nikaeleza habari za mama mkwe na dada wa kazi mpaka mwenyewe nikajichoka. Ningejibuje?

JIBU: Pole, dada yangu. Nimekaa kwenye majopo miaka mingi, na kuinama kule si kukukataa. Kila msaili ana karatasi ya alama mbele yake. Asipoandika ulichosema, atakupa alama kwa lipi? Cha kuangalia ni kalamu ikilala mezani na wewe bado unaongea. Hapo jibu limeshatosha, malizia sentensi unyamaze. Uso mkavu wa mwenyekiti usikutishe: hatutakiwi kumchekea mmoja na kumnunia mwingine. Tena ikifika saa saba hatujala, sote tuna uso huohuo.

Sasa swali la mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda hata mwombaji kazi. Ila sikushauri uanze kuitaja sheria pale mezani. Mara nyingi muulizaji ana wasiwasi mmoja tu: hesabu za vituo vya vijijini zitakaguliwa au zitalala? Mjibu hapohapo, kwa mambo yako ya kweli: "Kazini nilikotoka nilikuwa nasafiri siku kadhaa kila mwezi, na ripoti sikuchelewesha. Safari za hapa huwa za siku ngapi?" Kisha kaa kimya, hata kimya kikiwa kizito. Mama mkwe mwache nyumbani.

Wakianza kukueleza ratiba, mmerudi kwenye kazi. Akimrudia mtoto, sema kwa sauti ileile: "Malezi nimeshayapanga, naomba niwaeleze nilivyofanya ukaguzi." Akizidi kung'ang'ania, ukitoka nje, kabla hujapanda daladala, andika swali lake neno kwa neno na tarehe. Ukinyimwa kazi ukataka kulifuatilia, utaanzia hapo.