Barua kwa mwanangu kuhusu ile saa ya kalenda

Mwanangu Salim,

Waaleikum salaam. Sote wazima, dada yako anakusalimu.

Unauliza kama ile saa ya Uswisi, Patek Philippe ya zamani, toleo namba 3448, unayoonyeshwa huko Dubai itapanda bei kuliko kiwanja chetu cha Pongwe. Mimi nakuuliza: ikisimama, nani ataifungua? Saa isiyo na fundi ni bangili. Baba yako, Mungu amrehemu, katika ufundi wake wote wa saa aliisema hiyo mpaka wateja wa Ngamiani wakawa wanaimalizia wenyewe.

Namba hiyo hiyo ilipita mezani kwetu, unakumbuka? Labda hukumbuki, ulikuwa ukisinzia mkekani. Aliileta bwana mmoja wa mashamba ya mkonge, aliirithi, na ilikuwa imesimama siku nyingi kabatini. Saa hiyo inaijua miezi ya siku 30 na ya 31, na Februari inaijua pia, hata ya mwaka mrefu, ule wa siku 29 unaokuja kila baada ya minne. Lakini usoni haikuambii ipo mwaka wa ngapi kati ya ile minne. Ikishasimama, mtu hujui. Baba yako akavua uso mzima. Saa nyingi za namna hii zina gurudumu linalomaliza mzunguko kwa miaka minne, limekatwa mabonde ukingoni: Februari fupi bonde lake ndilo refu kuliko yote, ile ya 29 limepungua kidogo tu. Tofauti hiyo aliitafuta kwa lenzi jichoni, mimi nimemshikia tochi, mkono umekufa ganzi na kukohoa sithubutu.

Usiku wa tarehe 28 Februari 1988 tukakesha. Kama amekosea kuipanga, mshale ungeruka moja kwa moja hadi tarehe 1. Ilipofika saa sita ukasogea polepole, ukakaa kwenye 29. Baba yako alicheka, Salim! Mtu yule unayemjua alivyokuwa mkavu. Usiku uliofuata ukaenda 1 Machi kama ulivyotakiwa, lakini hapo tulishalala.

Yule bwana alilipa, akashukuru, kisha akawaambia watu kuwa saa kama ile hairudishwi tena kwa fundi wa barazani. Akaipeleka mji mwingine ikang'arishwe. Iliporudi, zile pembe kali zinazoshika mkanda zimelainika kama sabuni iliyotumika, na stempu ya dhahabu ubavuni imefifia. Na nani aliyeombwa azirudishe pembe? Baba yako. Dhahabu ikishakwanguliwa imekwenda. Aliifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi, hakudai hata nauli. Mimi ningedai.

Haya, nisiwe dhalimu: bwana yule aliivaa angalau. Nyie mnaonunua mkafungia benki mnanichosha zaidi. Lakini na hapo najibishana mwenyewe, maana iliyofungiwa ndiyo inayobaki na pembe zake, na wanunuzi hizo pembe ndizo wanazolipia. Ile Patek nyingine ya kalenda, namba 1518 ya chuma, uliyonitajia, iliyouzwa Geneva mwaka 2016 kwa faranga zaidi ya milioni 11, ilifika huko kwa kuwa za chuma zinazojulikana ni nne. Yako ni ya dhahabu, usijipigie hesabu kwa mwenzio.

Muuzaji anakwambia eti haitahitaji kurekebishwa milele. Mwambie mama yako anasema tarehe 1 Machi 2100 itadanganya. Mwaka huo unagawanyika kwa nne lakini si mrefu, na gurudumu linajua kuhesabu miaka minne minne tu, litaonyesha 29 Februari. Atakayekuwepo ataisogeza kwa mkono.

Sisemi usinunue. Fedha ni yako, na jicho la baba yako unalo, hilo silikatai. Ungekuwa umeniuliza mimi na kiwanja... basi, sisemi. Saa isiyo na fundi ni bangili, hilo tu nalirudia. Sevisi yake hugharimu fedha nyingi na huchukua miezi, uliza kabla hujalipa.

Nitumie picha za ubavuni, si za usoni. Pembe nitazitambua. Na yule jirani wa Pongwe ameanza kuchimba msingi karibu na mpaka wetu, anauliza utakuja lini kuonyesha vigingi. Hilo nijibu wiki hii.

Mama yako
Ngamiani, Tanga