Jumba la kutisha ndani ya gereza kuukuu, Philadelphia: niliyoyaona mwenyewe

Umeuliza kama ile shughuli ya Halloween (sikukuu ya vinyago na vitisho ya tarehe 31 Oktoba) kwenye gereza la zamani la Eastern State, Philadelphia, Marekani, ambako unalipa upite gizani waigizaji wakutishe, inatisha kweli au ni kuchezea hela tu, na kama binti yako wa miaka 12 ataimudu. Mimi nilikwenda Oktoba 2017 na mke wangu pamoja na mpwa wangu, kijana wa miaka 14 wakati huo. Enzi hizo ikiitwa Terror Behind the Walls. Tangu 2021 inaitwa Halloween Nights na mpangilio umebadilika, kwa hiyo usinilaumu ukikosa chumba nitakachokitaja. Jengo ni lilelile.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea, tukamkaribisha naye. Akacheka sana. "Nilipe ili nitishwe? Hiyo hela nipeni mimi, niwatishe hapahapa sebuleni." Tukamwacha na runinga yake. Nitamrudia baadaye.

Nianze na jengo, maana ndilo linalofanya nusu ya kazi kabla hujamwona muigizaji hata mmoja. Uko mtaani kabisa, watu wanatembeza mbwa, mara unakutana na ukuta wa mawe wa futi 30 kwenda juu wenye minara kama ngome ya vita. Msanifu wa jengo, John Haviland, aliukusudia uwe hivyo ili mpita njia akiutazama tu aogope. Gereza lilifunguliwa 1829, likafungwa 1971, likaachwa hadi miti ikaota ndani. Walipoanza kuliokoa hawakulikarabati likawa jipya; wamelihifadhi katika ubovu wake. Lipu inamomonyoka, rangi imebanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, vitanda vya chuma vimeliwa na kutu. Hakuna fundi wa mapambo anayeweza kuiga hayo. Shughuli ya Halloween ilianza 1991 kama harambee ya kuchangia utunzaji wa jengo, miaka mitatu kabla ya ziara za kila siku kuanza 1994. Kwa hiyo anayesema tiketi ni za kutajirisha watu wa vinyago hajui historia yake.

Sasa mambo ya ndani. Mlangoni tuliulizwa kama tunakubali kuguswa. Ukikubali unavishwa mkufu wa plastiki unaong'aa gizani, na waigizaji wakiuona wanaruhusiwa kukushika, kukuzuia, hata kukutenga na wenzako. Usipouvaa hakuna atakayekugusa. Mke wangu alikataa. Mpwa wangu akaniangalia kwa jicho lile la "Mjomba, tuone." Ningefanyaje? Nikauvaa.

Dakika kumi za mwanzo nilikuwa nacheka. Moshi wa mashine, taa zinazomweka-mweka, mtu mwenye uso uliooza anachomoka kwenye kona. Ukishatulia unaanza kuona mbinu zao, na mimi hapo ndipo raha yangu ilipo. Kitu kinachong'aa upande wa kushoto kimewekwa ili usitazame kulia. Mara nyingi muigizaji anakushtua ukiwa umeshampita au kwa ubavuni, ili ukimbilie mbele, siyo urudi nyuma ukawagonga wanaokuja. Hilo si bahati, ni kanuni ya kazi: watu wasogee, foleni isikwame. Ubaya wake ni kwamba ukiwa umelisogelea sana kundi la mbele, unaona wao wanavyoshtuliwa na ikifika zamu yako kitu kimeshachacha. Tembea polepole mwachane kidogo, wala usiwe na haya. Ulipie kushtuliwa halafu uishie kuangalia migongo ya watu?

Katikati ya safari hiyo, mkono ukanishika bega, mwingine ukasukuma ukuta ambao kumbe ni mlango, nikajikuta upande wa pili peke yangu. Mlango ukafungwa. Giza. Si giza la chumbani usiku, ambako jicho hatimaye huzoea, hili halikuzoeleka. Nilisikia sauti za mke wangu na mpwa wangu zikienda mbali, wanacheka, kisha sizisikii tena. Nikanyoosha mkono nikagusa jiwe, baridi na lenye unyevunyevu, chembe za lipu zikanibaki kwenye vidole. Hakuna aliyenirukia. Hakuna mlio. Nikasubiri nishtuliwe na sikushtuliwa, na kila sekunde ilivyopita ndivyo nilivyozidi kutamani litokee hata zimwi la bandia, mradi awe mtu. Nadhani ilikuwa nusu dakika, labda pungufu. Nilipopata upenyo wa kutokea nikauvua ule mkufu nikautia mfukoni. Mpwa wangu aliona. Hajanisamehe hadi leo.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu baadaye ndiyo nikaelewa nilikuwa nimeonjeshwa nini. Gereza hilo lilijengwa kwa fikra kwamba mhalifu akiachwa peke yake kabisa, bila kumwona wala kuzungumza na mwenzake, atajitafakari, atatubu. Kila mfungwa na chumba chake na kiua chake. Akitolewa nje ya chumba anafunikwa kichwa kwa kofia ya kitambaa asiweze kuona wala kutambuliwa. Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alilitembelea 1842, akaandika kwamba kuichezea akili ya mtu namna ile siku baada ya siku ni ukatili kuliko kuutesa mwili. Utaratibu huo uliachwa rasmi 1913 tu. Watu wamekaa hivyo miaka, mimi nusu dakika nimetokwa na jasho!

Kuhusu usalama, maana najua mzazi atauliza. Mwaka 1984, jumba la kutisha kwenye bustani moja ya michezo New Jersey, si mbali na hapo, liliungua na vijana 8 wakafa. Halikuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzima moto. Baada ya hapo kanuni za Marekani kwa majengo ya aina hii zilikazwa: vinyunyizio, vitambua moshi, na kengele ikilia taa zote ziwake na kelele zizimwe ili watu waione njia. Hata hivyo mimi nina tabia moja, mke wangu huniita mzee kwa ajili yake: nikiingia tu natafuta alama za mlango wa dharura. Mwonyeshe na binti yako. Kama ana pumu au kifafa, moshi na zile taa si za kuchezea; ulizeni kabla ya kukata tiketi.

Kwenda: chagua siku za katikati ya juma, mapema Oktoba. Wikiendi ya kukaribia tarehe 31 foleni zinazunguka ukuta, na bei kwa kawaida hupanda. Viatu vya kufunika vidole, sakafu haijanyooka. Mengine ni madogo.

Nilisema nitamrudia mama. Siku mbili baadaye tulimpeleka mchana, ziara ya kawaida. Aliona chumba alichokaa Al Capone, yule jambazi mkuu wa Chicago, kati ya 1929 na 1930, kimepangwa zulia, taa na redio, akasema, "Huyu alikuwa hotelini." Akaelezwa habari za wale 12 waliotoroka kwa handaki mwaka 1945, Willie Sutton, mwizi maarufu wa benki, akiwa mmojawapo, akafurahi kama ni ndugu zake waliotoroka. Halafu akaingia kwenye chumba kimoja kitupu. Mlango ni mfupi, ikabidi ainame. Akasimama chini ya kile kitundu cha darini kinachoingiza mwanga, akatazama juu, kimya, muda mrefu kwa mtu asiyejua kunyamaza. Alipotoka aliuliza kitu kimoja tu: "Na mama zao walikuwa wakijua wako humu?"

Mpwa wangu, aliyecheka mazimwi yote usiku ule, hakujibu. Akamshika bibi yake mkono hadi nje uani, kwenye ile grafu kubwa ya chuma ya futi 16 iliyosimikwa 2014 kuonyesha jinsi idadi ya wafungwa Marekani ilivyopanda, wakaanza kuisoma pamoja, mmoja akimtafsiria mwenzake.

Kwa hiyo binti yako: fanya kinyume na nilivyofanya mimi. Mpeleke mchana kwanza, ajue kumbi zinakwenda wapi na ni nini kilitokea humo. Usiku aingie bila mkufu, atembee katikati yenu, asiwe wa mwisho. Na mkubaliane neno moja ambalo akilitamka mnatoka naye hapohapo, bila mtu kumcheka. Akifika mlangoni akasema hataki, tiketi ikae mfukoni.