Kabla Hujatangaza, Toa Moja

Juzi kijana wa kidato cha tatu huko Malindi kaniandikia: "Mwalimu, nimevumbua kanuni. Chukua namba tasa yoyote, iwe ndiyo kipeo juu ya 2, yaani 2 izidishwe yenyewe kwa yenyewe mara hizo, kisha toa 1. Jibu ni tasa vilevile." Tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kajaribu 2, 3, 5 na 7, akapata 3, 7, 31 na 127. Sasa anauliza aipeleke wapi asiibiwe.

Mwanangu, jaribu 11. Utapata 2047, ambayo ni 23 mara 89. Pole. Sikucheki, maana mimi nilichekwa.

Nikiwa rika lako, hapa hapa Lamu, niliikamia 2147483647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Niliapa nitaipatia kigawo. Ramadhani nzima, baada ya tarawehe, wenzangu wako uwanjani Mkunguni, mimi nimeinamia daftari. Usiku mmoja nikagawanya kwa 1213, baki sifuri! Nilitoka mbio hadi barazani, kiatu kimoja mguuni, nikawatangazia wazee. Ami yangu, muuza duka, akachukua kikokotoo chake, akabonyeza taratibu huku ananitazama. Kioo kikaandika 1770390.476. Kumbe mahali fulani nilikopa moja nikasahau kuilipa. Baki halisi ni 577.

Tangu siku ile jina langu likawa Bilioni Mbili. Hata waswaga punda waliniita hivyo, na wako wanaoniita mpaka leo. Nacheka nao. Lakini inauma.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye: Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alikwisha kuthibitisha mwaka 1772 kwamba ile ni tasa, naye macho yake karibu hayaoni kabisa. Hakugawanya ovyo kama mimi. Kigawo chochote tasa cha namba ile, ukikitoa 1, sharti kigawanyike kwa 62, yaani 31 mara mbili. Tazama ile 2047 yako: 23 toa 1 ni 22, 89 toa 1 ni 88, na 22 ni 11 mara mbili. Sasa 1213 toa 1 ni 1212, na 62 haiingii humo. Ningelijua hilo ningelala mapema! Ongeza sharti la pili, kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7, na chini ya 1400 zinabaki mbili tu za kujaribu: 311 na 1303. Mimi nilikwisha kugawanya kwa karibu mia mbili.

Nyinyi vijana mna haraka ya sifa. Jueni kwanza, tangazeni baadaye. Mersenne, mtawa na msomi wa Ufaransa, mwaka 1644 alikitaja kipeo cha 67 kuwa kinatoa tasa. Lucas, mwanahisabati Mfaransa, akamkosoa mwaka 1876, na mwaka 1903 Cole, mwanahisabati Mmarekani, akavitoa vigawo vyenyewe: 193707721 na 761838257287. Basi someni, jamani, someni kabla ya kusema!

Wewe anza na 311 kwenye ile yangu. Baki ni 35. Ukipata sifuri, rudia kabla hujatoka nje.