Antibayotiki kwa majeruhi wa moto: ushauri kwa wanaoanza wodini

Ninyi mnaoanza mafunzo kwa vitendo katika wodi za upasuaji hapa Mwanza mtakutana mapema na mazoea haya: majeruhi wa moto akifikishwa tu, faili lake linaandikiwa sindano ya antibayotiki iitwayo seftriaksoni kabla mtu hajakadiria eneo lililoungua. Kidonda kikubwa kinatisha, na ndugu waliosimama kando ya kitanda wanataka kuona sindano. Hata hivyo, Chama cha Kimataifa cha Majeraha ya Moto, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 ulioandikwa kwa kuzingatia pia hospitali zenye uhaba wa vifaa, kinashauri antibayotiki za kinga, yaani zinazotolewa kabla maambukizi hayajaonekana, ziwe za sindano au vidonge, ziepukwe.

Sababu yake inaonekana kwenye kidonda chenyewe. Ngozi iliyoungua hadi ndani haina tena mishipa inayopitisha damu, kwa hiyo dawa mnayoichoma mshipani haifiki pale vijidudu vitakapozaliana. Inachofanya ni kuua vijidudu dhaifu na kuviachia nafasi vilivyo sugu, kama bakteria aitwaye Pseudomonas, ambayo huingia baada ya siku kadhaa na ambayo seftriaksoni haiiwezi.

Saa za kwanza, kinachoua ni upungufu wa maji mwilini. Kwa fomula ya Parkland, inayokadiria maji ya kumpa majeruhi wa moto, mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 ya mwili anahitaji takriban mililita 9,600 za dripu ya Ringa laktati kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za mwanzo. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipopokelewa; mgonjwa aliyesubiri kivuko kutoka Ukerewe anaweza kuwa amekwisha kuzipoteza nyingi, nanyi mtalazimika kuongeza kasi ya dripu ili kuzifidia huku mkipima mkojo wake kila saa. Safisheni kidonda, hasa kilichopakwa samadi au majivu, mpeni kinga ya pepopunda, kisha mkifunike kwa krimu ya silva salfadiazini au kwa gozi yenye vaselini.

Pale majeruhi wanapofika kwa makundi, kama ilivyotokea Morogoro Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka, kishawishi cha kumchoma kila mmoja huongezeka, ilhali ndipo akiba ya dawa inapopaswa kulindwa zaidi. Vitani hali hutofautiana kidogo: aliyeungua na pia kupasuliwa na vipande vya bomu au kuvunjika mfupa uliotokeza nje anastahili antibayotiki, lakini kwa ajili ya jeraha hilo la pili.

Joto la nyuzi 38.5 peke yake lisiwashtue, maana mwili ulioungua huchemka wenyewe bila maambukizi. Tafuteni wekundu unaosambaa kwenye ngozi isiyoungua, madoa meusi, usaha wa kijani, kidonda kinachozidi kuingia ndani, mgonjwa anayeanza kuchanganyikiwa, tumbo linalokataa chakula au mwili unaopoa ghafla. Hapo msingoje: chukueni sampuli ya kidonda na ya damu, anzeni dawa kulingana na usugu ambao maabara yenu imekuwa ikiuona, na mwiteni daktari wa upasuaji aiondoe ngozi iliyokufa. Dozi iangaliwe upya, kwa sababu baada ya siku mbili figo za mgonjwa wa moto mara nyingi huitoa dawa haraka kuliko kawaida. Majibu yakirudi, badilisheni dawa au isimamisheni, na mwandike sababu kwenye faili ili zamu ya usiku isiirudishe.