Jibu: Njegere zilizomenywa zinang'aa kijani kupita kiasi

Dada, umeuliza utajuaje nyumbani kama njegere zilizomenywa zimetiwa rangi. Tia kiasi kidogo kwenye glasi ya maji baridi, koroga, acha nusu saa. Ukijani wa asili wa mmea hauyeyuki kwenye maji, kwa hiyo maji yakigeuka kijani, kuna rangi iliyoongezwa. Usizile. Maji ya moto yaepuke, maana yatachukua rangi hata kwa njegere safi.

Kwa bamia na pilipili mbichi, chovya pamba kwenye parafini ya maji ya duka la dawa (si mafuta ya taa, tafadhali!), kisha sugua ganda polepole bila kulichubua, kwani mafuta huyeyusha ukijani wa mboga yenyewe. Pamba ikitoka kijani, shuku malakiti ya kijani, rangi ya kutilia vitambaa ambayo ni sumu. Vipimo vyote viwili vimo katika maelekezo ya FSSAI, mamlaka ya usalama wa chakula ya India.

Ila pamba kubaki nyeupe haimaanishi mboga haina mabaki ya dawa za wadudu. Hayo yanahitaji maabara.