Stuli za kaunta na viti vya mezani: lazima vifanane?

SWALI: Dada, tumehamia South B kwenye nyumba ambayo jiko na mahali pa kulia ni chumba kimoja, hakuna ukuta. Meza yetu ya mvule na viti vyake sita iko hatua tatu tu kutoka kaunta. Nataka stuli tatu. Mume wangu anasema fundi aige viti vya mezani, aongeze miguu basi. Mimi naona vitachosha macho. Tufanyeje?

JIBU: Niko nawe, dada. Viti tisa vya sura moja katika chumba kimoja vinazidi. Lakini kabla ya sura, shika futi kamba. Niliwahi kununua stuli za kimo cha sentimita 75, kutoka sakafuni hadi pa kukalia, pale Ngong Road kwa kupenda rangi yake, na kaunta yangu ni ya 90. Wa kwanza kukalia alikuwa mamangu. Magoti yakabanwa chini ya ubao, akashuka, akamalizia chai yake amesimama. Iliniuma sana. Fundi alipokata miguu, ile pau ya kuwekea nyayo ikabaki karibu na sakafu, haina kazi.

Kaunta ya 90 inataka stuli ya 60 hadi 65. Za 75 ni za kaunta ya 105 hivi. Kila mkaaji apate upana wa sentimita 60, kwa hiyo kama kaunta yako haifiki mita 1.8, chukua stuli mbili.

Mumeo naye ana hoja: mbao ziwe zilezile. Miguu iwe ya chuma cheusi, ubao wa kukalia uwe wa mvule. Egemeo usiweke, ili stuli ziingie chini ya kaunta na wewe ukiwa jikoni uwaone waliokaa mezani. Kitambaa cha kukalia nacho kiache kwenye viti vya mezani. Karibu na sufuria ya kukaangia hakikai safi hata wiki.

Jambo moja mafundi wengi hawakwambii: mvule mpya huwa na umanjano, kisha hukolea wenyewe. Ukipakwa rangi nzito leo ulingane na meza ya zamani, baadaye utaipita kwa weusi. Omba vanishi isiyo na rangi, uvumilie tofauti ya miezi ya kwanza. Na usimpelekee fundi picha ya simu. Mbebee kiti kimoja cha mezani, akiweke juani kando ya ubao mpya, mtazame pamoja.