Bilongo si mtoto wa Lubumbashi

Hapana yaya, Carlos Martens Bilongo, yule mbunge wa Ufaransa, hakuzaliwa huku Lubumbashi kama mnavyosema. Ni mtoto wa Villiers-le-Bel, pembeni ya Paris, 1990. Wahamiaji ni wazazi wake, asili yao Kongo na Angola. Alikuwa mwalimu, akaingia bungeni 2022 na chama cha Jean-Luc Mélenchon, cha mrengo wa kushoto, akachaguliwa tena 2024.

Ile fujo mnayoibishania hapa mtaani Kamalondo ni ya tarehe 3 Novemba 2022. Alisimama kuuliza juu ya wahamiaji waliookolewa baharini, mbunge Grégoire de Fournas, wa mrengo mkali wa kulia, akamkatiza kwa kelele: arudi Afrika! Kikao kikasimama. De Fournas akafungiwa siku 15, akakatwa nusu ya posho miezi miwili. Utetezi wake? Eti alimaanisha ile meli iliyowabeba wahamiaji, si Bilongo. Kana kwamba hiyo ni afadhali!